Jumanne: Ulikuwa Unakwenda Kasi Gani?

Soma Matendo 25:7–11. Paulo alikana nini, na alikuwa tayari kukubali nini?

Fikiria mzee wa kanisa anayewahi makambi Sabato asubuhi, gari limejaa wanakwaya. Barabara kuu inaingia kijijini, kibao cha 50 kimesimama kando. Tochi ya askari inasoma 78. Papo hapo utetezi unaanza. Kibao kimefichwa na matawi. Lori lililotangulia lilikwenda kasi zaidi, mbona halikusimamishwa? Tochi yenyewe ni mbovu. Na mwisho: "Afande, sisi tunakwenda ibadani." Askari anaandika faini ya shilingi 30,000. Mzee anaondoka akinung'unika kwamba ameonewa, na vijana wa kwaya wamesikia kila neno. Ila hawakumsikia akisema alikuwa anakwenda kasi gani.

Kupinga faini si dhambi. Dereva asiyekubali kosa ana haki ya kulikana, na shauri likasikilizwe mahakamani. Torati ilidai mizani ya haki (Kumbukumbu la Torati 25:13–15), na tochi ya askari nayo ni mizani. Ikiwa gari lililopimwa si lako, sema hivyo bila woga. Paulo naye hakunyamaza; alikana mashtaka ya uongo na akakata rufani kwa Kaisari. Lakini angalia fungu la 11. Kinywa kile kile kilichokana kilisema kwamba, kama ametenda kosa, hakatai adhabu, hata iwe kifo. Alitaka kweli ijulikane, iwe upande wake au dhidi yake. Mzee wetu aliujua ukweli kabla ya askari, maana mshale wa spidi ulikuwa mbele ya macho yake.

Soma 1 Samweli 15:13–15, 20, 21. Sauli alimtupia nani lawama, na aliitumiaje ibada kujitetea?

Kondoo walikuwa wakilia nyuma yake, naye bado alisema ametii. Watu ndio waliowachukua, alidai, tena kwa ajili ya dhabihu! Daudi alipokemewa na Nathani alijibu kwa maneno machache tu, bila kumtaja mtu mwingine (2 Samweli 12:13).

Wengine husema kasi haimdhuru mtu maadamu hakuna ajali. Hata hivyo, gari likienda 78 hugonga kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya lile linalokwenda 50, na mtoto anayevuka kwenda kisimani hajui kwamba dereva amechelewa. Katika Kutoka 21:29, mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa alihesabiwa hatia mnyama alipoua, ingawa hakukusudia. Kibao cha 50 ni onyo la namna hiyo.

Maswali ya kujadili: Kama mzee huyu angekuwa na hakika kwamba tochi imekosea, angesemaje na askari mbele ya vijana wale? Na dereva anayewawashia wenzake taa kuwaonya kwamba mbele kuna tochi, anamsaidia nani?