Kuchanganya Maji ya Fedha na Dawa za Nyumbani

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja wa Mfangano, kisiwa kilichoko katika Ziwa Viktoria upande wa Homa Bay: Je, mtoto akishikwa na homa yafaa anyweshwe maji ya fedha pamoja na mwarobaini, kitunguu saumu na habbasoda, kisha apewe na vidonge vya zahanati, ili dawa zisaidiane?

Jawabu yetu ni hii. Kujitibu ni jambo tuliloamrishwa, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufahamisha kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa yake. Dawa yake, ndugu yangu, si kila dawa. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, ameeleza katika Zadul Maad kuwa matabibu wameafikiana: mgonjwa akiweza kutibiwa kwa chakula asipewe dawa, na dawa moja ikitosha asipewe ya kuchanganywa. Basi anayetia vitu vitano katika kikombe kimoja asidhani kuwa anawafuata wanavyuoni.

Ama maji ya fedha, ni maji yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha. Fedha ina kazi yake: hutiwa katika dawa ya kupaka majeraha ya moto, na vyungu vya kuchujia maji hupakwa fedha hiyo ili vijidudu vife. Lakini kufaa juu ya ngozi au ndani ya chungu si kufaa tumboni. Mwaka 1999 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa iliamua kuwa maji haya hayakuthibiti kuwa ni salama wala kuwa yanaponya. Fedha hubaki mwilini, na mwenye kuyanywa kwa muda mrefu ngozi yake huweza kugeuka rangi ya buluu na kijivu, wala isirudi.

Wako wasemao ni haramu kwa kuwa tumekatazwa kunywa katika vyombo vya fedha. Hoja hii hatuitegemei, kwani katazo lile ni la chombo. Karibu zaidi ni kisa cha Arfaja bin As'ad, sahaba aliyepoteza pua vitani akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu wanaume wamekatazwa kuivaa. Ilipomdhuru, iliondolewa.

Sasa kuchanganya. Maji ya fedha huzuia baadhi ya dawa za kuua vijidudu zisiingie mwilini sawasawa. Mgonjwa humeza vidonge akidhani ametibiwa, kumbe nusu ya kazi imepotea. Na akitapika au akitokwa na vipele, ni nani atakayejua ni kipi katika vile vitano kilichomdhuru?

Khatari kubwa zaidi ni kukawia. Kandokando ya ziwa malaria ni nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya, na mwaka 2019 chanjo yake ilizinduliwa nchini humo katika Homa Bay. Malaria kali yaweza kumuua mtoto mdogo kabla ya siku moja kwisha, na kisiwani mashua haiko tayari kila saa, khasa usiku wa mawimbi. Damu na ipimwe siku ile ile ya homa. Ikiwa ni malaria, dozi ya vidonge vya AL ni mara 6 kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, wala isikatizwe mtoto anapopata nafuu.

Hatusemi kila mchanganyiko ni mbaya. Mtoto anayehara, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi huokoa roho yake. Huo umepimwa na kujulikana.

Na jirani anayezunguka na chupa akinywesha watoto wa watu ajue kuwa Mtume (S.A.W.) amehukumu: ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya alichokiharibu ni juu yake.

Nawe ndugu uliyeuliza, ikiwa mtoto amekwisha kunyweshwa, mtajie muuguzi kila kitu alichopewa na kiasi chake, wala usione haya.