Bunduki ya Kujipakia na Vipuri Vyake: Yafahamu Haya Kabla ya Kununua

Kila mifugo inapoibwa, swali moja hurudi barazani: ni bunduki gani isiyokwama? Swali hilo lina maana kwa mtu aliyepoteza ng'ombe usiku. Lakini kuna swali linalolitangulia, nalo ndilo linaloamua kama atalala kwake au rumande: je, sheria inamruhusu kuwa nayo?

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Bunduki ya kujipakia hufyatua risasi moja kila unapovuta kifyatulio, kisha hujiandaa yenyewe kwa inayofuata. Katika zile za aina ya AK-47, sehemu ya gesi ya risasi huingia kwenye tundu la mtutu na kusukuma pistoni. Pistoni hurudisha bolti nyuma, ganda hutupwa nje, halafu springi huirudisha bolti mbele ikiwa imebeba risasi mpya kutoka kwenye magazini. Ni mashine yenye sehemu nyingi zinazotegemeana kwa sekunde ndogo sana, ndiyo maana watu huulizia vipuri vizuri.

Sasa sheria. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inazitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, pamoja na silaha nyingine zinazofanana nazo. Mtu akipatikana na mojawapo bila sababu ya halali, mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo ni wake, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. "Nilinunua ili nilinde mifugo" si leseni. Hata kiwanda cha serikali cha silaha ndogo kilichozinduliwa Ruiru mwaka 2021 hutengeneza bunduki kwa ajili ya vyombo vya usalama, si za kuuzwa kwa raia.

Jambo linalowanasa wengi ni vipuri. Wapo wanaodhani kwamba mtutu peke yake au bolti iliyofungwa kwenye gunia ni chuma tu. Sivyo. Katika sheria yetu, neno bunduki linajumuisha pia sehemu ya bunduki, na hata kifaa cha kupunguza mlio au mwako wake. Kijana anayetumwa sokoni kuchukua "kifurushi kidogo" anaweza kushtakiwa kama aliyebeba silaha. Wazazi, tafadhali liongeeni hili nyumbani, kwa sababu wanaotumwa huwa ni wadogo na anayetuma hubaki kivulini. Risasi nazo zinahitaji idhini, hata ikiwa ni moja mfukoni.

Raia anayetaka silaha halali huomba cheti kwa Bodi ya Utoaji Leseni za Bunduki. Huchunguzwa tabia, afya ya akili na sababu ya kuhitaji silaha. Cheti hutaja bunduki kwa namba yake, na huhuishwa kila mwaka. Kuifuta au kuibadilisha namba hiyo ni kosa.

Kwa mwenye cheti, iwe ana bastola, bunduki ya marisau au ya bolti ya kuvuta kwa mkono, swali la "isiyokwama" sasa lina nafasi yake. Ushauri wa kwanza: usikimbilie jina la kampuni, tazama hali ya silaha. Namba zilizogongwa kwenye chuma zilingane na karatasi. Mtutu ukiangaliwa kwa mwanga, wakati silaha haina risasi, usionekane na kutu wala uvimbe. Kwa silaha yenye magazini, kukwama mara nyingi huanzia hapo: midomo iliyopinda au springi iliyochoka hupandisha risasi ikiwa imelala vibaya, na mwenyewe akalaumu bunduki nzima. Risasi ziwe za kipimo kilichoandikwa kwenye mtutu. Za kukisia, au zilizookotwa, zinaweza kupasua chuma mkononi mwako.

Kipuri kinunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa, na kifungwe na fundi aliyesajiliwa, ambaye ana haki ya kudai kuona cheti chako kabla hajagusa chochote. Fundi asiyeuliza cheti mkimbie. Kuhusu chuma kilichochongwa kwenye karakana ya kulehemu, sina la kusema zaidi ya hili: shinikizo ndani ya mtutu ni kubwa mno kwa kazi ya kubahatisha, na anayeumia kwanza ni aliyeishika.

Kuna familia zinazoficha bunduki iliyoachwa na marehemu, kwa hofu kwamba kuisalimisha ni kujishtaki. Usiibebe barabarani wala kwenye bodaboda. Iache ilipo, zuia watoto wasiifikie, kisha mpe habari chifu au mkuu wa kituo cha polisi ili maafisa waje wenyewe, na wakishaichukua, omba hati ya makabidhiano. Mzee wa kamati ya amani anaweza kukusindikiza ukihisi kusita. Usalama ni jukumu la serikali ya kitaifa, kwa hiyo ofisi za kaunti na za wadi hazipokei silaha; zinaweza tu kukuelekeza kwa polisi. Silaha haramu zinazokusanywa nchini huteketezwa hadharani: mwezi Novemba 2016, bunduki 5,250 zilichomwa Ngong.

Mwenye cheti aliyepotelewa na silaha au kuibiwa aripoti papo hapo, akiwa na namba yake mkononi. Iandike leo kwenye daftari, mahali tofauti na pale unapoiweka bunduki.