Namna ya kupata cheti cha NEBOSH bila kukariri kitabu

Mtahiniwa anapewa kisa cha kurasa chache: ghala la nafaka, foklifti yenye breki mbovu, meneja anayetaka mzigo utoke kabla ya jioni, na kibarua aliyeanza kazi Jumatatu bila kuelekezwa chochote. Halafu swali, alama 10: ofisa usalama angetumia hoja gani za kifedha kumshawishi meneja arekebishe mambo? Wengi huandika kwamba ajali zinaigharimu kampuni fedha, kwamba bima hupanda, kwamba mfanyakazi akiumia uzalishaji hushuka. Yote ni kweli, na yote yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hata hakukisoma kisa. Alama za jibu la namna hiyo huwa chache, na mtahiniwa hubaki akijiuliza amekosea wapi wakati kitabu alikimaliza chote.

Hapo ndipo Cheti cha Jumla cha Kimataifa cha NEBOSH, maarufu kwa kifupi cha IGC, kinapowachuja watu. NEBOSH ni bodi ya mitihani ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979, na cheti hiki hutajwa sana kwenye matangazo ya kazi za usalama Oman, Emirati na Qatar, na kwenye saiti za wakandarasi wa kimataifa huku kwetu. Hakidai shahada wala cheti cha awali. Fundi umeme, nesi wa kiwandani na msimamizi wa stoo wote hukaa mtihani uleule, na kwa maoni yangu fundi aliyezoea kutazama kazi ikifanyika ana nafasi nzuri kuliko msomi anayependa fasili.

Kabla ya kulipa ada

Jiulize kwanza cheti unakitakia nini. IGC hakikupi mamlaka ya kisheria nchi yoyote. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 na wakala wake, OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007 inayosimamiwa na idara ya DOSHS, na kule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka ni kazi ya mshauri anayetambuliwa na idara hiyo, si ya kila mwenye cheti cha ng'ambo. Kama shabaha yako ni kuwa mwakilishi wa usalama hapohapo kiwandani kwenu, anza na mafunzo ya mamlaka ya nchi yako. IGC inamfaa anayetaka usalama uwe ndiyo kazi yake ya kila siku, au anayelenga kampuni za kimataifa.

Tahadhari nyingine: mtaani kuna wanaouza kadi ya "OSHA saa 30" kama cheti cha taaluma. Hiyo ni programu ya uelimishaji ya OSHA ya Marekani, na wenyewe hawaihesabu kuwa cheti cha utaalamu. Wala haihusiani na OSHA ya Dodoma na Dar es Salaam.

Chuo utakachosomea kiwe kwenye orodha ya watoa mafunzo waliothibitishwa na NEBOSH. Orodha ipo kwenye tovuti ya bodi, itafute mwenyewe badala ya kuamini nembo iliyobandikwa kwenye kipeperushi. Uliza kwa maandishi kama ada imejumuisha usajili wa mtihani, na kurudia kitengo kimoja ni shilingi ngapi. Omba pia mwongozo wa mtaala unaotumika tarehe ya mtihani wako, kwa sababu noti za zamani zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huwa za mtaala uliokwisha kubadilishwa.

Kuna suala la lugha. Huku kwetu mtihani hufanywa kwa Kiingereza, na bodi inashauri mtahiniwa awe na uwezo wa kiwango cha 6.0 cha mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Usiogope ukiwa chini kidogo, ila usijidanganye pia. Dawa yake ni kuandika kila siku aya moja ya Kiingereza kuhusu jambo la usalama uliloliona kazini: nini kilikuwepo, nani angeumia, kifanyike nini. Sentensi fupi zinatosha. Anayehangaika na sentensi ndefu hupoteza hoja yake katikati.

Kitengo cha kwanza: majibu yatoke kwenye kisa

Cheti kina vitengo viwili. Cha kwanza, IG1, kinahusu usimamizi: kwa nini usalama usimamiwe, mfumo wake unajengwaje, tabia za watu kazini, na namna ya kupima na kuchunguza. Tangu mwaka 2020 mtihani wake umekuwa wa kufungua vitabu, unaofanyiwa nyumbani ndani ya saa 24. Neno "kufungua vitabu" limewaponza wengi. Mtu anadhani atanakili. Kinachotafutwa ni wewe kulichukua jambo lililo kwenye kisa na kulipa maana yake kiusalama.

Turudi kwenye lile ghala. Kisa kimesema, tuchukulie, kwamba foklifti iligonga rafu wiki iliyopita, magunia yakapasuka, na kampuni ikakodi foklifti nyingine kwa siku tatu. Jibu lenye alama litasema: kampuni ililipa kodi ya foklifti kwa siku tatu wakati breki zingetengenezwa mapema kwa gharama ndogo, ilipoteza nafaka iliyomwagika, ililipa vibarua muda wa ziada kusafisha na kupanga upya, mzigo ulichelewa, na mteja anaweza kudai fidia au kuhamia kwa mwingine; na yule kibarua mpya akiumia, atatafutwa mwingine na kufundishwa upya. Kila hoja inagusa kitu kilichoandikwa kwenye kisa, na kila moja inaonyesha pesa ilipotokea. Swali la alama 10 lipe hoja kumi zilizokamilika, na mbili za akiba.

Kwa hiyo kisome kisa mara mbili kabla ya kugusa swali. Kichapishe kama unaweza, na pembeni ya kila sentensi andika inaweza kujibu swali namba ngapi. Watunzi hawaweki sentensi za kupamba: meneja akisemwa "hutembelea ghala mara chache", jua kuna alama zimefichwa pale, huenda kwenye swali la uongozi au la ufuatiliaji.

Saa 24 hazina maana ya kukesha. Kazi yenyewe ni ya saa chache. Zilizobaki ni za kulala, kusoma upya asubuhi na kupambana na mambo ya nyumbani. Nunua umeme wa LUKU mapema, chaji kompyuta, uwe na bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti, na peleka kazi saa kadhaa kabla ya mwisho. Muda huhesabiwa kwa saa za Uingereza, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi yao. Jiandae pia kwa mahojiano mafupi ya video na chuo chako baada ya mtihani, ambapo utaulizwa kuhusu majibu uliyoyatoa. Aliyeandikiwa na rafiki hujulikana hapo. Majibu ya kunakili au ya kushirikiana hufutwa, na mhusika anaweza kufungiwa mitihani ya bodi hiyo. Ukiongezwa kwenye grupu la "majibu ya mtihani", jitoe.

Kitengo cha pili: nenda karakana

IG2 ndicho kitengo ninachokipenda, na ndicho watu hukifanyia haraka. Unachagua sehemu halisi ya kazi, unaikagua, na kuandika tathmini yake ya hatari kwenye fomu ya NEBOSH. Inashauriwa uonyeshe vihatarishi kama kumi kutoka angalau makundi matano tofauti. Ofisi ya watu watatu itakuchosha kutafuta vihatarishi vya kubuni. Chagua sehemu yenye harakati: chumba cha kufulia cha hospitali, jiko la hoteli, kiwanda cha mbao, karakana ya kuchomelea mageti. Hulazimiki kutaja jina la kampuni, lakini omba ruhusa ya mwenye mali.

Tuichukue karakana ya mageti. Simama mlangoni nusu saa bila kuandika chochote, utazame kazi inavyokwenda. Fundi mmoja anakata bomba kwa grinda ambayo gadi yake imevuliwa ili diski kubwa ipate nafasi. Mwingine anachomelea akiwa ameinama juu ya moshi wake. Wateja wamesimama hatua mbili nyuma wakisubiri bei. Waya wa mashine umepita kwenye dimbwi. Mtungi wa gesi umesimama peke yake bila mnyororo.

Sasa jaza mstari mmoja wa fomu, tuseme wa grinda. Mtahiniwa mvivu huandika: "Grinda. Wafanyakazi wanaweza kuumia. Wavae vifaa kinga." Mstari unaopita ni huu: kihatarishi ni diski ya inchi 9 kwenye grinda ndogo isiyo na gadi, inaweza kupasuka kwa kuwa grinda ndogo huzunguka kwa kasi kubwa kuliko diski hiyo inavyostahimili, na vipande vikamrukia fundi usoni na shingoni, au mteja aliyesimama nyuma yake. Kilichopo sasa: fundi mmoja ana miwani, mwingine hana, hakuna alama ya mpaka wa wateja. Kinachohitajika: grinda hiyo iondolewe kwenye kazi leo, inunuliwe ya inchi 9 yenye gadi yake ndani ya wiki mbili, kila diski ilinganishwe na kasi ya mashine kabla ya kufungwa, na wateja watengewe sehemu ya kusubiri nje ya eneo la kukatia. Mhusika: msimamizi wa karakana kwa hatua za leo, mmiliki kwa ununuzi.

Ona miwani haikutangulia kwenye mapendekezo. Mpangilio wa udhibiti huanza na kuondoa kihatarishi kabisa, kisha kubadilisha kitu kimoja kwa kingine chenye madhara madogo, kisha kuweka kizuizi cha kiufundi, kisha taratibu na mafunzo. Vifaa kinga huja mwisho. Fomu iliyojaa "wavae glovu" na "wapewe mafunzo" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho inaonyesha mtahiniwa hakuuelewa mpangilio huo. Vilevile muda wa utekelezaji usiwe "mara moja" kila mahali. Kununua feni ya kunyonya moshi si kazi ya dakika tano, na msahihishaji anajua hivyo.

Usiishie kwenye vinavyoonekana. Moshi wa kuchomelea uliingizwa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, lakini wengi huandika habari ya macho tu. Kelele nayo husahaulika: kama watu wawili waliosimama mita mbili hawasikilizani mpaka wapaze sauti, andika kelele. Andika kuinua mabomba kwa mgongo, andika shinikizo la mteja anayetaka geti leo.

Baada ya orodha unachagua hatua tatu za kutangulizwa na kuzitetea. Hapa unahitaji sababu ya kiutu, ya kisheria na ya kifedha, pamoja na uwezekano wa madhara kutokea, uzito wake, na jinsi hatua yako itakavyoyapunguza. Kwa sheria, bodi inatumia viwango vya kimataifa, hasa Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981 na Pendekezo Na. 164 linaloandamana nao. Uwezekano na uzito usiviunganishe kwenye sentensi moja ya jumla. Sema mafundi wangapi hutumia grinda, mara ngapi kwa siku, halafu sema jeraha lenyewe litakuwa la namna gani.

Mwishoni eleza tathmini itapitiwa tena tarehe gani na kwa nini, nani ataelezwa matokeo na kwa njia ipi. Watu hupita hapa mbiombio, nao wanarudishwa kwa ajili ya aya hii moja, kwa sababu IG2 haina alama za wastani: unapita au hupiti.

Matokeo

IG1 hufaulu kwa alama 45 kati ya 100. 65 ni daraja la juu kidogo, 75 ni la juu kabisa. Matokeo huchukua hadi siku 50 za kazi. Ukianguka kitengo kimoja hurudii kingine, ilmradi viwili vikamilike ndani ya miaka mitano, na cheti chenyewe hakina tarehe ya kuisha.

Wakati unasubiri, fanya tathmini mbili zaidi za sehemu tofauti na uchunguze tukio moja la nusura ajali mpaka chanzo chake. Ziweke kwenye faili, majina ya kampuni yakiwa yamefutwa, kwa sababu mwajiri atakuuliza umewahi kufanya nini. Kwenye wasifu andika kitengo ulichofanya na kwamba unasubiri matokeo, usiandike umehitimu. Cheti cha NEBOSH huhakikiwa na bodi yenyewe, na kampuni za Ghuba hazikosi mtu wa kupeleka barua pepe ya kuuliza.