Balagha na Insha: Majibu kwa Watafiti wa Nduguti

Barua zilizonifikia kutoka Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, aghalabu ni za walimu wa sekondari wanaosoma shahada ya uzamili huku wakiendelea na kazi. Zile zinazouliza ikisiri ni nini nimeziweka kando, kwani jibu limo katika mwongozo ambao kila chuo huwapa wanafunzi wake. Nimechagua zile zinazoniudhi na zile zinazonitia wasiwasi.

Nimekusanya tashbiha, sitiari, takriri na methali katika hotuba za viongozi, nikazihesabu. Je, hiyo yatosha kuwa tasnifu?

Swali hili limeletwa na wengi kwa maneno mbalimbali, nami nawajibu pamoja: haitoshi, wala haitatosha hata orodha ikiongezwa maradufu. Dhana kwamba balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, ni mapambo, mfano wa shanga anazovishwa bibi arusi aliyekwisha kuvaa, imeharibu tasnifu nyingi kuliko upungufu wa vitabu. Abdul-Qahir al-Jurjani, mwanazuoni wa karne ya 11, alikwisha kubainisha kwamba uzuri wa kauli haumo katika neno moja moja, bali katika namna maneno yanavyopangwa na kutegemeana; na waliomfuata wakashikilia kwamba kauli, hata ikiwa fasaha namna gani, haina balagha mpaka iafikiane na hali ya yule anayeambiwa. Karne nyingi kabla yao, Aristotle alitaja njia tatu za kuwavuta watu, yaani tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe, na habari za mtindo wa maneno akazichelewesha mpaka kitabu cha mwisho.

Tazama tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo tafsiri yake iliyofanywa na Mwalimu Nyerere ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963. Antony anasimama mbele ya umati uliokwisha kuridhika na maneno ya Brutus, mmoja wa waliomwua Caesar, naye amekatazwa kuwalaumu wauaji. Basi anawasifu, na kila anapoirudia sifa ile baada ya kutaja jema jingine la marehemu, sifa inazidi kuchacha, hata umati wenyewe unatamka lile ambalo yeye hakuruhusiwa kulitamka. Mwenye orodha ataandika "takriri", atahesabu, atapita. Mtafiti atauliza ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kusema, alizuiwa nini, wasikilizaji waliamini nini kabla hajafungua kinywa, na ni kitu gani kilichogeuka baina ya sifa ya kwanza na ya mwisho. Asiyeuliza hayo amefanya kazi ya karani wa ghala.

Hapa Nduguti hakuna cha kutafiti. Nihamie Dar es Salaam?

Umeketi juu ya hazina, nawe waomba nauli! Mkutano Mkuu wa Kijiji hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na humo mkulima wa alizeti na mfugaji wakishindana juu ya njia ya mifugo, mmoja aweza kuanza kwa Kinyiramba, mwenzake akamjibu kwa Kiswahili, mzee wa Kinyisanzu akawapatanisha kwa kisa cha zamani. Kisha Afisa Mtendaji akayatia yote hayo katika muhtasari wa kurasa chache ambamo mambo "yalijadiliwa na kuazimiwa". Ni hoja zipi zilizopotea baina ya kinywa na faili, na zilikuwa za nani? Hiyo ni tasnifu nzima. Lakini sharti uwe na barua ya chuo na kibali cha mkoa na wilaya, na ridhaa ya wasemaji wenyewe, ambao majina yao hutayaandika.

Nimesoma kwamba Mwafrika huizunguka hoja ilhali Mzungu huiendea moja kwa moja. Niitumie nadharia hiyo?

Itumie kwa kuihoji. Mwanaisimu Robert Kaplan, mwaka 1966, alichora michoro mitano ya jinsi aya zinavyokwenda, na ule wa Kiingereza peke yake ndio ulionyooka. Kiswahili hakimo hata katika mmoja, na Kaplan mwenyewe baadaye alilegeza madai yake. Mtu wa Mkalama anayetanguliza hodi, salamu na kuwaulizia wagonjwa kabla ya ombi lake hakupotea njia, bali anajijengea haki ya kusikilizwa.

Ni idara gani inayofundisha fani hii ya balagha na insha?

Huko Marekani fani hii ilikua kutokana na masomo ya lazima ya insha, kama lile la Harvard la mwaka 1885. Kwetu usilitafute jina mlangoni: nenda idara za Kiswahili, isimu, mawasiliano au elimu, Dar es Salaam au Dodoma, ukamtafute msimamizi badala ya kibao.

Yupo mtu wa steshenari anayeandika tasnifu kwa malipo, na wengine wasema programu ya kompyuta ni rahisi zaidi.

Siku ya utetezi, utamwita yupi akujibie?

Kutafiti insha za kidato cha pili si kujishusha?

Shaaban Robert hakuona aibu kutoa *Kielezo cha Insha* mwaka 1954. Kusanya madaftari, kwa idhini, uchunguze wino mwekundu: je, mwalimu amesahihisha tahajia peke yake, au amemwuliza mtoto anamwandikia nani na anataka aaminiwe nini? Kisha mwache mtoto aandike upya, ulinganishe. Mwalimu wa Nduguti anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko profesa ambaye hajasahihisha insha ya kidato cha pili kwa miaka mingi.

Msimamizi wangu hajibu.

Mwandikie swali moja linalojibika, pamoja na kurasa zinazohusika, si sura nzima yenye neno "naomba maoni". Akiendelea kunyamaza, peleka nakala kwa mratibu wa uzamili wa idara, yenye tarehe. Anayelipwa kukusoma hakufanyii hisani.