Ubaoni Akili Huenda Wapi?

Mwaka jana niliitwa ubaoni. Mstari wa mwisho ulikuwa 91 toa 13, hesabu ya darasa la pili! Kicheko kikasikika nyuma. Nikasahau kukopa, nikaandika 88. Hadi leo wengine huniita "Themanini na Nane".

Je, nilikuwa mjinga? La hasha. Mwaka wa 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walieleza jaribio lao. Mtu husimama mbele ya jopo, akahutubu, kisha akatoa 13 kutoka 1022, tena na tena. Akikosea, huanza upya. Moyo wake huenda mbio na homoni ya kotisoli hupanda.

Sababu ni kwamba akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Hofu ya kuchekwa hukalia kiti cha hesabu.

Dawa? Mwaka wa 2011 watafiti wa Chicago walionyesha kuwa wanafunzi waoga walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vyema zaidi. Mimi sasa huandika.

Nawe msomaji, mwenzako akiwa ubaoni, tafadhali nyamaza. Huenda jibu analo.