Joto la Vifaranga Bura

Swali: Nimejitengenezea bruda ya mbao yenye jiko la makaa hapa Bura, nitajuaje kama joto lake lawafaa vifaranga?

Jibu: Ndugu msomaji, kipimajoto kiwekwe kimo cha mgongo wa kifaranga, wala si juu darini, nacho kisome nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi juma la kwanza, kisha zipungue takriban 3 kila juma. Ama vifaranga wenyewe ni mashahidi waadilifu: wakirundikana karibu na jiko, wanaona baridi, wakikimbilia pembezoni midomo wazi, wamezidiwa. Na kwa kuwa mchana wa Bura huweza kupita nyuzi 35 bila moto wowote, jiko liondolewe jua likiwa kali, lirudishwe usiku, wala tundu za hewa zisizibwe abadani, kwani hewa ya makaa huua.