Mdomo wa Bomba: Namna ya Kuusoma Mradi Unaotaka Kunywa Bahari Yenu

Ukipewa ripoti ya tathmini ya mazingira ya kituo cha umeme, usianze na ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza una picha ya kasa. Nenda moja kwa moja kwenye sura inayoeleza jinsi mitambo itakavyopozwa, utafute namba moja tu: kituo kitavuta maji kiasi gani kwa sekunde. Ukiipata, iandike juu ya daftari kwa kalamu nyekundu. Usipoipata, tayari una hoja ya kwanza ya kupeleka mkutanoni.

Nasema hivi kwa sababu mikutano ya wanakijiji na wawekezaji huishia kwenye moshi na maji ya moto. Moshi unaonekana, na maji ya moto kila mtu anayaelewa. Lakini kituo kinachochemsha maji ili mvuke uzungushe mashine, kiwe cha makaa ya mawe au cha nyuklia, kina mabomba mawili. Lile linalovuta maji huanza kuua kabla lile linalotoa halijampasha samaki yeyote. Samaki wenye umbo huvutwa hadi kwenye wavu wa chuma wa kuzuia takataka, wakagandamizwa hapo na nguvu ya maji mpaka pumzi ikakata. Mayai na vifaranga wachanga hawazuiwi na wavu huo. Hupita kwenye matundu, wakapigwa na pampu, wakapashwa joto, wakakutana na klorini inayotiwa ili kome na chaza wasiote ndani ya mabomba. Ajali ya kwanza nitaiita kubanwa, ya pili kumezwa. Zishike kwa majina hayo, kwa kuwa kila moja ina dawa yake, na mwakilishi wa mradi akiulizwa habari za kumezwa hupenda kujibu habari za kubanwa.

Nchi iliyopigana vita hivi muda mrefu na kuacha kumbukumbu nyingi ni Marekani, kwa hiyo nitachota huko. Sheria yake ya Maji Safi ya mwaka 1972 ina kifungu kifupi, cha 316(b), kinachotaka mambo manne ya mdomo wa bomba yafuate teknolojia bora iliyopo ya kupunguza madhara: mahali ulipowekwa, usanifu wake, ujenzi wake, na kiasi unachoweza kuvuta. Kifungu ni kifupi, lakini kanuni kamili ya vituo vilivyokwisha kujengwa ilikamilika mwaka 2014, baada ya miaka 42 ya kesi na marekebisho. Hata hivyo maneno yale manne ni orodha nzuri ya maswali popote duniani. Mimi huanza na la mwisho, kiasi, kwa kuwa ndilo linaloyaamua mengine.

Namba ya maji unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikipanda joto kwa nyuzi 1, hubeba karibu megawati 4 za joto. Tuseme kituo cha makaa kinatupa baharini megawati 1,200 za joto ambalo halikugeuka umeme, na ripoti inaahidi kwamba maji yatatoka yakiwa yamezidi kwa nyuzi 8 tu. Gawa 1,200 kwa 4, kisha gawa kwa 8. Unapata mita za ujazo 37.5 kila sekunde. Ikiwa ukurasa mwingine wa ripoti hiyo hiyo unasema kituo kitavuta 15, basi maji yatatoka na nyuzi 20 za ziada, si 8. Moja ya namba hizo mbili si kweli. Waulize ni ipi, na usikubali kuambiwa kwamba swali ni la kitaalamu mno.

Ili ujue namba yako ni kubwa au ndogo, linganisha. Kanuni ya Marekani inaanza kumbana mwenye kituo anayeruhusiwa kuvuta zaidi ya galoni milioni 2 kwa siku, yaani kama lita milioni 7.6, ikiwa angalau robo ya maji hayo ni ya kupozea. Akivuta kweli zaidi ya galoni milioni 125 kwa siku, ambazo ni takriban mita za ujazo 5.5 kwa sekunde, analazimika kufanya uchunguzi wa mayai na vifaranga wanaomezwa. Kituo cha nyuklia cha Indian Point, kwenye mto Hudson kaskazini mwa jiji la New York, kiliweza kuvuta galoni bilioni 2.5 kwa siku, karibu mita za ujazo 110 kwa sekunde. Mfano wetu wa 37.5 ni theluthi moja tu ya hapo, lakini umevuka kizingiti cha uchunguzi karibu mara saba.

Sasa njoo kwenye kubanwa. Hapa swali ni kasi. Samaki huponyoka ikiwa maji yanayovutwa ni ya polepole kuliko mwendo wake wa kuogelea. Njia mojawapo inayokubaliwa na kanuni ya 2014 ni kusanifu wavu ili maji yasipite kwa zaidi ya nusu futi kwa sekunde, kama sentimita 15. Gawa mita za ujazo 37.5 kwa 0.15, utaona kituo chetu kinahitaji mita za mraba 250 za nafasi wazi, kiasi cha uwanja mmoja na nusu wa mpira wa wavu. Nimesema nafasi wazi, si ukubwa wa fremu. Nyuzi za chuma zenyewe zinachukua nafasi, mwani unaziba, na chaza wa mwaka mmoja wanaziba zaidi. Kwa hiyo uliza mambo mawili: je, kasi iliyoandikwa imepimwa mbele ya wavu au kati ya matundu yake? Kati ya matundu huwa kubwa zaidi. Na je, imepimwa wavu ukiwa safi, au ukiwa umeziba kama utakavyokuwa mwezi wa tatu?

Kasi ikiwa kubwa, kampuni itakuja na wavu unaozunguka wenye beseni. Huu ni ufundi mzuri kweli, ulioanzia kituo cha Surry, Virginia, miaka ya 1970. Kila kipande cha wavu kina beseni la maji chini yake. Samaki hudondokea humo, akapandishwa juu akiwa ndani ya maji, kisha akasukumwa kwa mnyunyizo mpole hadi kwenye mfereji wa kumrudisha baharini. Unafanya kazi kwa samaki wenye ngozi imara, na kidogo sana kwa wale wa jamii ya dagaa ambao magamba hubanduka kwa kuguswa tu. Lakini kasoro kubwa haziko kwenye wavu. Ziko kwenye uendeshaji. Wavu unaozunguka mara moja kila baada ya saa kadhaa, ili kuokoa umeme na mafuta ya mashine, unamrudisha baharini samaki aliyekufa zamani. Kibali kiseme uzunguke mfululizo. Mnyunyizo wa nguvu wa kuondoa takataka uje baada ya ule mpole wa samaki, usitangulie. Nenda pia ukaone mfereji unaishia wapi kwenye mchoro. Ukiishia juu ya tope wakati wa maji kupwa, mmewajengea korongo hoteli. Ukiishia jirani na mdomo wa bomba, samaki yule yule atavutwa tena kabla ya jua kuzama.

Kuna na vifaa vya sauti vya kuwafukuza samaki. Husaidia kwa wale wanaosikia vizuri, lakini gayogayo na mikunga hawavijali sana. Kituo cha Hinkley Point C, Uingereza, kiliruhusiwa mwaka 2013 kwa sharti la kufunga kifaa cha namna hiyo kwenye midomo ya mabomba yake. Baadaye kampuni ikaomba sharti liondolewe, na mwaka 2022 serikali ikaikatalia rufaa. Ninachotaka uchukue hapo ni kwamba sharti lilikuwa limeandikwa. Ahadi ya mdomo isingekuwa na cha kukatiwa rufaa.

Kumezwa ndiko kugumu. Yai la samaki wengi wa baharini lina upana wa kama milimita moja, na wavu wa kawaida wa vituo vya Marekani una matundu ya milimita 9.5. Hakuna kasi itakayomwokoa kiumbe asiyeweza kuogelea. Ziko chujio za silinda zenye nafasi nyembamba za milimita chache au chini ya hapo, na zinafaa penye mkondo wa kuzisafisha, ila kwa kituo kikubwa zitahitajika nyingi mno. Dawa iliyo wazi ni kunywa kidogo: kuzungusha maji yale yale kupitia minara ya kupozea, na kuongeza tu yanayopotea. Hapo uvutaji hupungua mara nyingi kwa zaidi ya asilimia 90, na wanaomezwa hupungua pamoja nao. Minara ina gharama zake: fedha, umeme wa pampu, na chumvi inayopeperuka ikiwa maji ni ya bahari. Usizifiche. Wao hawatazificha.

Kituo cha makaa cha Brayton Point, Massachusetts, kilikuwa kikivuta karibu galoni bilioni moja kwa siku kutoka ghuba ya Mount Hope. Katikati ya miaka ya 1980 kiliongeza uvutaji, na samaki wa ghuba, akiwemo gayogayo wa majira ya baridi, wakaporomoka. Kibali kipya cha mwaka 2003 kilidai uvutaji upunguzwe kwa kiasi ambacho ni minara pekee ingeweza kukitimiza. Kampuni ikapinga, ikakubali mwaka 2007, ikajenga minara miwili yenye kimo cha mita 150 hivi. Kituo kikafungwa mwaka 2017, na mwaka 2019 minara ikaangushwa kwa baruti. Samaki walisubiri zaidi ya miaka 20 kupata nafuu ya miaka mitano. Ndiyo maana mdomo wa bomba unajadiliwa kabla ya zege kumwagwa.

Kwenye sura ya uchunguzi wa samaki, tazama tarehe kabla ya kutazama majedwali. Wamevua lini? Wiki mbili za kaskazi hazisemi chochote juu ya kusi. Sampuli za mchana peke yake hazitoshi, kwa sababu vifaranga wengi hupanda juu usiku. Wamepima bamvua na maji mafu, au siku boti ilipopatikana? Wametumia nyavu za matundu madogo kiasi gani? Mtu aliyekwenda na juya la kawaida akaandika kwamba hakuona vifaranga amesema ukweli mtupu usio na faida. Je, kuna mikoko au nyasi za bahari karibu na mdomo, mahali tasi na kamba wanapokulia? Maswali haya mvuvi mzee anayajua bila kusomea, na ndiyo yatakayomtoa jasho mshauri wa mradi.

Kisha itakuja hesabu ya bei. Watakwambia mayai milioni moja ni sawa na samaki wachache tu wazima, kwa kuwa mengi hufa hata bila bomba. Ni kweli, lakini mayai yale yaliyokuwa yafe yalikuwa yafe tumboni mwa samaki wengine. Ni chakula. Na angalia nani amepewa bei. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2004, iliyotangulia ile ya 2014, ilikadiriwa kugharimu dola milioni 389 kwa mwaka, na faida yake ikawekwa dola milioni 83. Tofauti inatisha, mpaka usome kwamba waliotiwa thamani ya fedha walikuwa asilimia 1.8 tu ya samaki walioathirika, wale wanaovuliwa kwa biashara au burudani. Waliobaki walihesabiwa sifuri. Shauri la kuipinga kanuni hiyo lilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 2009 iliamua kwamba mamlaka ya mazingira inaruhusiwa kulinganisha gharama na faida. Basi na wewe dai orodha ya aina zote zilizopewa sifuri, iwekwe kwenye ripoti kwa majina.

Kwenye kibali chenyewe, pigania namba na tarehe. Kiwango cha juu cha maji kwa siku, kasi kwenye wavu, miezi ya kupunguza pampu samaki wanapotaga, nani anapima, na matokeo yanabandikwa wapi. Pigania pia siku ya kibali kufa kweli. Kibali cha Indian Point cha mwaka 1987 kilipaswa kwisha mwaka 1992, kikaendelea kutumika wakati mabishano ya minara yakiendelea. Mwaka 2010 jimbo la New York lilikataa kukipa kituo hicho cheti cha ubora wa maji. Mtambo wa mwisho ulizimwa tarehe 30 Aprili 2021.

Na usidharau utaratibu. Leseni ya kituo cha makaa cha megawati 1,050 kilichokusudiwa Lamu ilifutwa na Baraza la Mazingira la Kenya tarehe 26 Juni 2019, na hoja iliyobeba uzito ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria ya Kenya inatoa siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza hilo. Zihesabu tangu siku leseni ilipotoka, na weka barua zote, hata zile ambazo hazikujibiwa.

Kilichobaki ni daftari lenu, la kamati ya bandari au kikundi cha kusimamia ufuo (BMU), na hilo halisubiri mradi. Gawa ukurasa kwa safu: tarehe, siku ya mwezi mwandamo, bamvua au maji mafu, upepo, chombo, zana, saa zilizotumika, aina ya samaki kwa jina la hapo kwenu, kilo, na kama majike walikuwa na mayai. Mwisho wa kila mwezi piga picha kurasa zote, umtumie mtu anayekaa mbali na kijiji.